Mgongo wa Jembe

Agripina aliinama na fimbo ya gofu mikononi, miguu ameitanua sawa na mabega. Kocha alikuwa akimtazama kwenye simu kutoka Arusha. Leo ndipo angeamua kama atamchukua kambini.

"Dada, unapalilia alizeti?" kocha alicheka. "Inama kuanzia kiunoni, mgongo unyooke. Magoti yalegeze kidogo."

Kweli, ulikuwa mgongo wa jembe. Aliunyoosha taratibu, mpaka uzito ukatulia katikati ya nyayo.

"Hapo hapo. Njoo Jumatatu." Kocha akaongeza: "Na huyo anayekushikia simu ni nani? Mkono wake hautikisiki kabisa."

Agripina alisogea, akaitoa simu kwenye msalaba wa kaburi alipoiegemeza.

"Ni mume wangu," alisema. "Sifa hizo nitamfikishia."