Sentimita Kumi Upande wa Gisenyi

"Gisenyi, kumi!" Igihozo alipaza sauti.

Vijana wawili wakasukuma mkokoteni sentimita kumi upande wa Gisenyi, mji wa ng'ambo ya mpaka.

"Volkano, tatu! Mwaga!"

Wengine wawili wakavuta kamba, mkokoteni ukasogea kidogo kuelekea volkano. Prodige, aliyekaa juu yake amekumbatia mfuko wa saruji uliokatwa kona, akaukamua. Uji mzito ukashuka juu ya ukuta, mstari mmoja, umenyooka. Nyuma yao Élodie na Théoneste walikuwa wakikoroga saruji nyingine bila hata kuinua macho.

Hiyo ndiyo ilikuwa mashine: watu saba, kamba na mkokoteni. Igihozo alikuwa wa nane. Yeye alisimama kando na daftari, akisoma namba.

Mashine yenyewe ya chuma, ile inayochapa nyumba tabaka juu ya tabaka, iliagizwa na kampuni moja mwaka 2021, baada ya lava kuteketeza mitaa. Ilikwama Mombasa miezi kadhaa. Ikatoka Mombasa, ikafika mpakani Bunagana wiki ileile waasi walipoingia hapo. Tangu hapo mwaka wa pili ulikuwa unakwisha, na hakuna aliyeiona hata kwa picha.

Profesa Zéphirin, mwalimu wao pale instituti ya ufundi ya Katoyi, hakuwa mtu wa kungojea chuma. Kampuni ilikuwa imeahidi kuja kuchukua wafanyakazi kwake. "Siku ile hamutanipatisha haya," aliwaambia. "Mashine iko na mikono, iko na kichwa. Sisi tuko na vyote." Akagawa kazi, na tangu siku hiyo walijizoeza kila asubuhi, hata zile asubuhi ambazo mabomu yalisikika kutoka upande wa Sake. Kuna mara moja askari alisikia sauti ya msichana ikitaja namba na pande za dunia, akaingia uani mbio na bunduki. Alionyeshwa ukuta. Alikaa mpaka tabaka la nne, akauliza kama mashine inaweza kujenga hata jiko.

Igihozo hakuzaliwa na daftari mkononi, tusidanganyane. Alianza kama bomba, ndiyo kazi ya Prodige sasa, akabeba mfuko mpaka ngozi ya bega ikabanduka. Kisha akaupita mtihani wa namba, akawa kichwa, na hapo hashikiki. Nyumba ya mama yake, Mukakalisa, ilikwenda na lava. Sasa walilala wanne katika chumba kimoja cha mbao kwa mjomba asiyechoka kuwakumbusha kwamba chumba ni chake. "Mama, vumilia," Igihozo alimwambia. "Opereta ni mumoja tu, na ni mimi. Nikipata ile kazi tunatoka hapa."

Wiki iliyotangulia Prodige alikuwa amemwomba. "Dada, unipe daftari hata siku moja. Bega inaisha."

"Bomba ni bomba," Igihozo alimjibu, akafungua ukurasa mwingine.

Jumanne hiyo, walipofika tabaka la tisa, mgeni akaingia getini. Alikuwa injinia Habarurema wa ile kampuni, pamoja na dada mmoja mkimya aliyeitwa Nsimire, mwenye mfuko wa kompyuta begani. Igihozo alimwangalia mara moja tu. Sekretari, akajisemea. Kisha akanyoosha mgongo, akasoma namba kwa sauti ambayo hata Gisenyi yenyewe ingeisikia.

Habarurema hakumtazama. Alitazama miguu ya wasukumaji. Alipima ukuta mwanzo, kati na mwisho, akakuta haujapinda hata nusu sentimita. Akamgeukia profesa.

"Inafanya kazi masaa ngapi mufululizo?"

"Tangu saa mbili mpaka saa tisa," alisema Zéphirin. "Ila saa sita inakula."

"Inakula nini?"

"Bugali na maharage."

"Na mvua ikinyesha?"

"Inavaa plastiki."

Habarurema aliandika yote. Igihozo alikasirika sana. Loo! Mtu anatoka huko kuja kuchagua kichwa, anauliza habari ya maharage? Akatoa amri tatu ngumu mfululizo, bila kuchungulia daftari, kusudi wamwone. Nsimire peke yake aliinua macho, akatabasamu kidogo, kama anayesikia wimbo anaoujua.

Tabaka la kumi lilipokwisha, Habarurema alisogea mbele, akahesabu kwa kidole kisha akafunga kalamu.

"Profesa, nachukua watu saba. Siku ya kwanza ya wiki, saa moja asubuhi, kule Keshero. Kuna nyumba arobaini za kujenga."

Uani kukazizima kwa vifijo. Igihozo akahesabu haraka. Saba! Wako nane, basi kuna mmoja anabaki. Akamtazama Prodige, amejaa saruji mpaka kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma ya kweli. Kwa nini alimnyima daftari hata kwa siku moja?

"Pole, kaka," alimnong'oneza. "Utapata ingine."

Kisha akapangusa mkono kwenye sketi, akamwendea injinia, akaunyoosha. "Aksanti sana, Papa. Sitakupatisha haya."

Habarurema aliutazama ule mkono, akatazama daftari.

"Aah, mutoto yangu," alisema taratibu, akamwonyesha Nsimire, aliyekwishafungua kompyuta yake na kumwashiria Prodige apande tena mkokoteni. "Opereta tuko naye, alisomea kule Uchina miaka mbili. Tulikuwa tunakosa mashine."