Mpaka Aje Shamila

Jeneza la Nurdini lilikuwa tayari uani, wanaume wamekwisha kujipanga kulibeba, lakini mjane wake, Zamda, alikaa kizingitini akikazakaza fundo la pindo la kanga, na hakusogea.

"Shemeji, maiti haicheleweshwi," alisema Sabiri, mdogo wa marehemu.

"Mpaka aje Shamila."

Wanaume wakarudi nyuma hatua moja. Nani Tabora asiyemjua Shamila? Idd moja, miaka minne nyuma, bintiye Najiat alikuwa wa kwanza kupanda Pangaboi asubuhi hiyo. Ndivyo watoto walivyoliita lile gurudumu kubwa la bustani ya michezo. Mabruki, mfanyabiashara wa mjini, alilishusha stesheni vipande vipande, Nurdini akaliunga, Zamda akakaa getini kukata tiketi. Kabla ya Idd hiyo, miaka miwili watu walilifuata kutoka Urambo na Nzega. Asubuhi ile ya Idd bolti ilikatika, kiti kikaanguka na mtoto, akafa. Bustani ikafungwa siku hiyohiyo. Leo mbuzi hulala kwenye viti vyake.

Watu wakasema fundi aliacha chombo kibovu akaenda zake kutembea Idd. Nurdini hakujitetea. Polisi, mahakamani, hata mbele ya ndugu zake, jibu lilikuwa hilo hilo: "Mimi ndiye fundi." Akafungwa, akatoka na kifua, akakohoa mpaka jana.

Mara saba Zamda alikwenda kwa Shamila kumwombea mumewe radhi. Mara saba alifungiwa mlango. Sasa hakutaka Nurdini aingie kaburini na dhuluma ya mtu shingoni.

Shamila alikuja. Alisimama mbali kidogo na jeneza, ushungi umemfunika nusu ya uso.

"Nurdini, nimekusamehe," alisema. "Kwa roho ya Najiat, mbele ya Mwenyezi Mungu, nimekusamehe." Kisha akainama, akamshika Zamda bega. "Na wewe, dada yangu, pole. Umebeba aibu isiyokuwa yako."

"Amin," alisema Zamda.

Jeneza likainuliwa. Zamda akafumba kiganja juu ya lile fundo la kanga, akaugusa ufunguo wa kufuli aliokabidhiwa na Nurdini asubuhi ile ya Idd, alipokuwa akitoka kwenda kutafuta bolti mpya: "Pangaboi nimelifunga, Zamda. Watoto walie wasilie, usilifungue."