Picha ya Hamdu

Kamera isiyosajiliwa iliruhusiwa kuuzwa iwapo tu picha zake zilikuwa na ukungu kiasi kwamba mama mzazi hamtambui mwanawe. Zilizosajiliwa zilikuwa za wenye nacho. Ndiyo maana Saumu aliunda yake kwa vipande vya dumu, lenzi ya plastiki na matumbo ya simu mbovu, ili hata muuza vitumbua aimudu.

Mkaguzi aliketi ukumbini kwao, akachapisha picha moja kutoka kwenye kamera ile, akampa Bi Mgeni, mama yake Saumu. Ilikuwa ya Hamdu, kaka yake Saumu, iliyopigwa asubuhi aliyoondoka kwenda ughaibuni. Uso ulikuwa doa la rangi ya chungwa tu, lakini bega la kushoto lilikuwa limeinama kama lake siku zote.

"Unamjua huyu, mama?"

Saumu alimtazama mama yake. Mama akijikwaa, karakana ya Saumu itafungwa, naye mwenyewe atakamatwa.

"Simjui, mwanangu," alisema Bi Mgeni kwa sauti kavu, kama alivyokubaliana na Saumu jana yake.

Mkaguzi alimkazia macho, kisha akatoa muhuri wa kibali mkobani. Saumu akashusha pumzi. Hapo ndipo alipomwona mama yake akiikunja ile picha taratibu, mara mbili, na kuifunga kwenye pindo la kanga, pale anapofunga vitu asivyotaka vipotee.

Macho ya mkaguzi nayo yalikuwa kwenye pindo lile; muhuri wake ukabaki hewani.