Chupa ya Mwisho ya Nyanya

Wageni sita waliokuja Umbria, Italia, kwa likizo ya kula na kunywa divai walikuwa wamekwisha kaa mezani, Ersilia, mwenyeji wao, alipoamua kuwafungulia chupa ya mwisho ya nyanya alizosindika dada yake kabla hajafa.

"Mama, ukizidi kutulisha hivi tutarudi kwetu tukibingirika!" alitania mwanamke mmoja mwenye miwani. Wenzake wakacheka.

Ersilia alikizungusha kifuniko kwa kitambaa. Kilikuwa kigumu, maana dada yake alikaza vitu kama fundi bomba. Kilipoachia, chupa ilishusha pumzi ndefu. Hewa iliyomgusa Ersilia shavuni ilikuwa vuguvugu, ingawa chupa ilitoka kwenye baridi ya ghala la divai. Ilinukia mrehani, na ile sabuni ya dada yake.

Mara sauti ya kike ikaanza kuimba taratibu huko juu ghorofani.

Ersilia alikuwa akiisikia tangu siku ya mazishi ya dada yake. Alijiambia ni uchungu wa msiba tu.

"Anaimba vizuri," alisema yule mwenye miwani. "Nani huyo?"

Kifuniko kilimponyoka Ersilia. "Kwani na wewe unamsikia?"

"Nisimsikie vipi? Mwite basi, aje tule naye."

Wimbo ukakoma. Ngazi zikalia, moja baada ya nyingine, kisha nyayo zikasimama mlangoni, nyuma ya Ersilia. Hakuthubutu kugeuka.

Mwanamke mwenye miwani alitazama mlangoni, akatabasamu, kisha akajisogeza kwenye benchi ili mtu mmoja zaidi apate pa kukaa.