Ngiri na Kibuyu cha Ukutani

Mnamcheka ngiri kwa kuingia shimoni kinyumenyume? Basi sikilizeni.

Ngiri aliacha pombe, akamtangazia kila mtu kwamba amepona. Siku moja alikwenda kwa rafiki yake Nungunungu kumwona mtoto mchanga aliyepewa jina lake. Aliporudi, mkewe akamuuliza, "Wajina wako yukoje?"

"Mzima tu."

"Kafanana na nani? Ameshaota miiba?"

Ngiri akajikuna kichwa. "Sikuangalia sana. Ila ukutani wametundika kibuyu cha pombe, kimezibwa kwa gunzi, na povu linachuruzika shingoni..."

"Kumbe!" mkewe akafoka. "Mtoto kapewa jina lako, wewe unatazama kibuyu! Mdomo umeacha, macho bado yanakunywa!"

"Sijaonja hata tone!"

"Nani kakuuliza umeonja nini? Nimekuuliza habari za mtoto!"

Ngiri akatoka kwa hasira, akarudi kwa Nungunungu. Mlangoni akageuka, akaingia kinyumenyume, akaketi bila kukitazama kile kibuyu.

Nungunungu akawaka, miiba ikamsimama. "Unatupa mgongo ndani ya nyumba yetu?"

"Siwapi nyinyi!" Ngiri akanguruma. "Nakipa hicho mlichokitundika! Nileteeni mtoto!"

Wakamletea.

Tangu siku hiyo ngiri haingii shimoni kwa namna nyingine. Haya, chekeni. Lakini muulizeni habari za wajina wake. Atawaambia kwamba miiba yake bado ni laini kama manyoya, na mmoja, karibu na sikio, umepinda.