Diwani Alipolala kwa Tunu

Haya nilisimuliwa na mdogo wangu Tunu mwenyewe, mwaka jana wakati wa kuvuna ufuta, tukiwa tunapepeta.

Sheria ya sasa mnaijua. Kiongozi akipata kashfa naye hataki kujiuzulu kabla ya uchaguzi, anavishwa bangili, analala kwa wapiga kura wake, kila siku nyumba nyingine. Akitamka "najiuzulu" mbele ya mwenyeji, bangili inafunguka.

Basi zamu ikafika kwa Tunu. Mgeni ni diwani Mkwinda, yule aliyegeuza bomba la kata limwagilie bustani yake, sisi tukabaki na upepo kwenye koki. Tunu akampelekea ndoo ya maji ya kuoga, kama apewavyo mgeni yeyote.

"Na nyie mtaogea nini?" diwani akauliza.

"Sisi tulioga juzi, baba. Hatujaanza kunuka."

Diwani hakucheka. Kwenye ugali akasema, "Mama, nitukane basi. Kila nyumba wananikaribisha tu."

"Mgeni hatukanwi. Kula, baba, mlenda unapoa."

Akala huku analia, Tunu akamwonea huruma kweli. Taa zilipozimwa, diwani akaita nyuma ya pazia, "Mama, uko macho?"

"Niko macho. Sema."

"Najiuzulu."

Bangili ikaanguka sakafuni, na mara diwani akaanza kukoroma kama mtoto aliyeshiba. Tunu akaenda kuiokota. Ilikuwa bado ina joto la mtu, imekaa wazi kama inayongoja mkono mwingine. Akaifunika kwa bakuli, akairudia mara mbili kuitazama, ndipo naye akalala.