Maiti wa Kwenda Lushoto

Tangu gari la injini liruhusiwe kubeba maiti na wafiwa wake tu, sisi wengine ni miguu, baiskeli au punda. Na kweli, siku hizi milima ya Usambara naiona tena kutoka barazani kwangu Muheza, na mvua inakuja kwa adabu.

Lakini shemeji yangu anaumwa sana huko Lushoto, anamwita dada yake, mke wangu Mwanakheri, ambaye magoti yake hayapandi mlima.

"Kufa basi, baba watoto," aliniambia, sanda ameshaikunjua. "Mara moja tu."

Nikafa. Nilikufa vizuri, hata jirani Semkiwa alilia kwa kwikwi. Garini Mwanakheri alikaa kichwani pangu, akaninong'oneza, "Ukikoroma utanitia aibu."

Kufika Mombo, tukakwama. Nikachungulia. Magari ya misiba yamefuatana mpaka yanapotelea konani, yote yananguruma, na moshi umeufunika mlima. Katika gari la ubavuni, maiti akapiga chafya.

"Mungu akurehemu," nikasema.

"Nawe pia. Unaenda msiba wa nani?"

"Wangu."

"Ah! Hata mimi."

Mwanakheri alikuwa anakohoa. "Jamani, wamekufa wote hawa?" akaniuliza. "Tushuke, tutembee?"

Maiti akishuka, gari linageuza, na shemeji hatatungoja milele. Nikajifunika tena, nikawa nauvuta ule moshi kidogo kidogo, kama mtu asiyepumua.